Na Huku Pia Wako Watu

Mtoto wa kaka yangu, aliyeko Wete, Pemba, kanitumia ujumbe wa sauti usiku wa juzi. Kaanza na salamu ndefu: shikamoo shangazi, hujambo shangazi, watoto wazima shangazi, baridi vipi shangazi. Nikajua pana jambo. Kumbe yapo mawili. La kwanza, kapata mtu huko Unguja anayemwambia atamtafutia kazi ya kea Uingereza, yaani kuhudumia wazee majumbani mwao, ila kwanza atangulize mamilioni. La pili alilisema kwa sauti ya chini, kama aliyeogopa baba yake asimsikie: "Shangazi, tuambie kweli, usituhifadhi. Tunasikia huko mtu anakufa ndani ya nyumba yake na jirani wa ukuta mmoja hana habari. Sasa wewe unaishije na watu hao miaka yote hii? Nani anakupa moyo?"

La mamilioni nitalijibu mwisho, maana jibu lake ni fupi. Hili la pili mnalo wengi, kwa sababu kila nikipiga simu nyumbani lazima atokee mmoja wa kuniuliza. Basi namjibu yeye, na nyote mnisikie.

Kufa ndani peke yako kunatokea kweli. Magazeti ya huku huandika: mzee kakutwa baada ya wiki, barua zimejaa nyuma ya mlango. Sitaki mseme shangazi kawapamba Wazungu. Na mengi mengine mnayoyasikia ni kweli vile vile, tuyapite haraka. Baridi ni kweli. Disemba hapa Leicester jua linazama saa kumi kasoro dakika kumi, saa ambazo Wete watu ndio kwanza wanatoka kuswali alasiri. Unakwenda kazini kiza, unarudi kiza. Ramadhani ikiangukia Juni unafunga saa kumi na nane na zaidi, na wenzio kazini wanakunywa chai mbele yako tangu asubuhi mpaka jioni, si kwa ubaya, ndivyo walivyo na chai yao. Na pesa? Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Najua mtazigeuza shilingi. Msizigeuze, kwa sababu mimi mkate sinunui kwa shilingi. Kuna chumba, nauli, kodi ya manispaa, umeme, gesi. Nyumba niliyoanzia ilikuwa na mita ya gesi ya kulipia kabla, kama umeme wenu wa TUKUZA. Ikikata usiku wa Januari unalala na koti na soksi mbili mbili, unasubiri duka lifunguliwe. Kinachobaki ndicho ninachotuma, na mkipokea mnasema shangazi kabana mkono. Hakubana.

Kazi yenyewe ni ya kukimbia. Unaingia kwa mzee nusu saa: umuoshe, umbadilishe, umpe dawa, umchemshie chai, uandike kwenye simu ulichofanya, utoke. Mwengine yuko mtaa wa tatu. Kampuni moja niliyofanyia kazi mwanzo ilikuwa ikinilipa dakika za ndani ya nyumba tu, zile za kwenye basi baina ya nyumba na nyumba zikawa zangu na Mungu wangu. Nikaiacha. Yuko pia mzee mmoja aliyenikataa mlangoni, kasema hataki kuguswa na mimi. Akapelekewa mhudumu mwengine mweupe, na mimi nikapewa mzee mwengine. Hakubadilika, hakuniomba radhi, na mimi sikungojea.

Sasa ndio nakuja kwenye swali lako, mwanangu. Nani ananipa moyo?

Nina bibi ninayemhudumia, kapindukia miaka tisini, anakaa peke yake kwenye nyumba za safu za matofali mekundu, zile mnazoziona kwenye filamu. Huku kila nyumba ina pipa kubwa la taka lenye magurudumu. Gari la taka lina siku yake, na asubuhi ya siku hiyo lazima pipa liwe limeshatolewa ukingoni mwa njia. Usipolitoa, gari linapita, unabaki na uvundo wako mpaka wiki ijayo. Bibi huyu pipa haliwezi, hata tupu haliwezi. Ng'ambo ya njia anakaa Mpolandi mmoja, dereva wa lori, mtu wa makamo, mabega mapana, uso haucheki. Siku ya taka anatoa pipa lake, anavuka njia, anatoa la bibi. Jioni analirudisha. Na analirudisha vipi: analisukuma mpaka chini ya dirisha la jikoni, kisha analigeuza, mpini uangalie mlango, ili bibi akitaka kutia kitu asilazimike kulizunguka. Ikawa kila wiki naliona pipa lile limekaa vile vile, mpini mlangoni, nikadhani bibi kamwagiza. Nikamuuliza. Kasema hajawahi kumwambia kitu, na jina lake halijui sawasawa, anamwita yule wa ng'ambo. Akiwa safarini na lori lake, anakuja mwanawe, kijana wa skuli, nyaya za muziki masikioni, hata salamu hana. Lakini na yeye anageuza mpini.

Asubuhi moja pazia la jikoni la bibi halikufunguliwa. Bibi yule ni saa, saa moja pazia wazi. Mpolandi alikuwa anatoka kwenda kazini, kaona pazia limefungwa, kavuka. Kagonga, kimya. Kafungua kile kitundu cha barua kwenye mlango, kachungulia, kamuona bibi yuko chini ukumbini, macho wazi, hawezi kuinuka. Kapiga simu ya gari la wagonjwa. Ufunguo hana. Basi nilipofika mimi kwa zamu yangu nilimkuta kapiga magoti nje kwenye saruji yenye barafu, mdomo kauweka kwenye kitundu cha barua, anazungumza. Nikadhani anamuombea dua. Alikuwa anamhadithia bei ya dizeli. Kampuni yake inalipa kiasi gani, kituo gani rahisi, Ufaransa wanauza vipi, na kila baada ya maneno mawili matatu anamuuliza bibi, "Wewe unaonaje?" ili bibi asilale. Na bibi, pale chini na nyonga imevunjika, anamjibu kwamba serikali yote wezi.

Nikafungua kile kisanduku cha ufunguo chenye namba kilichopo ukutani, nikaingia. Yeye hakuingia. Kainuka, kajipangusa magoti, kasema, "Basi, umefika," na huyo kwenye gari lake. Wiki ile bibi yuko hospitali, nyumba tupu, pipa halina hata ganda la ndizi. Siku ya taka lilitolewa na kurudishwa.

Sasa niambie, huyo jirani anajua au hajui?

Kwetu ingekuwa vyengine, nakubali. Bibi yule angeanguka Wete, kabla hajamaliza kusema "laa ilaha" nyumba ingejaa. Huyu kaja na uji, yule na mafuta ya kuchulia, na mwengine hana alichokileta ila kukaa baraza na kuuliza kaanguka vipi, na jibu akalibeba mpaka Konde. Nalililia hilo usiku, wallahi. Lakini tusemezane kweli kama ulivyotaka. Wema wetu una daftari. Harusi ikifika kuna mtu kakaa na kalamu: fulani elfu ishirini, fulani khanga doti mbili, fulani mchele. Na ikifika harusi ya kwake mnalifungua daftari mnaangalia. Mtu asiyekuja kwako humkuti kwake. Silitukani daftari hilo. Ndilo lililomuoza dada yangu, ndilo lililotuuguzia baba. Nasema tu kwamba anayekupa anakujua, na wewe unajua siku yake inakuja. Huyu wa huku anakupa, na kukujua hataki. Ukitaka kumshukuru sana anaona haya, anatafuta njia ya kuondoka. Anayetazama harakaharaka atasema hawa hawana watu. Mimi nimewatazama polepole kwa sababu kazi yangu ni ya kuingia majumbani mwao.

Mwaka 2020, wakati wa korona, kila Alhamisi saa mbili usiku walikuwa wakitoka milangoni nchi nzima wakitupigia makofi sisi wa hospitali na wa wazee. Yalipendeza, sikatai, watoto wakigonga masufuria. Lakini makofi hayajazi mita ya gesi, na Mei ilipokwisha na yenyewe yakaisha. Halafu mwisho wa Juni Leicester ikafungiwa tena peke yake wakati miji mingine inafunguliwa. Hapo hakuna aliyepiga makofi. Ila nikirudi zamu ya usiku nikawa nakuta mfuko umetundikwa kwenye kitasa cha mlango wangu: sabuni, glavu, siku moja pakiti ya tende. Mtu aliyetia tende alikuwa ameshaniona mimi ni nani, na alikwenda dukani akasimama mbele ya rafu akafikiri. Mpaka leo sijui ni nyumba gani.

Belgrave Road, mtaa wa Wahindi, kuna duka nanunua mhogo, mbaazi na nazi. Mwenyewe ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, na Kiswahili chake ukikisikia utacheka, lakini anacho. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda na kuwapa siku 90, karibu watu 28,000 waliingia nchi hii. Baraza la mji wa Leicester, huu huu ninaokaa, lilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije huku, mji umejaa. Wakaja. Mama yule alikuwa msichana mdogo, kavaa viatu vya wazi, kateremka uwanja wa ndege wa Stansted mwezi wa kumi. Anachokisimulia yeye si lile tangazo, hilo nimelijua kwengine. Anasimulia habari za mwanamke mmoja wa kujitolea, pale uwanjani walipopanga meza za chai na makoti yaliyotolewa na watu, aliyemvisha koti na vifungo vikamshinda mtoto kwa sababu vidole vimekufa ganzi. Mwanamke yule akainama akavifunga kimoja kimoja mpaka shingoni, akampa kikombe, akamwita wa nyuma yake. Basi. Mji ulisema usije, na mtu wa mji akakufunga vifungo.

Mimi nilipokuwa mgeni, mama huyo alikuwa akinipa vitu na mshahara haujatoka. Utalipa, anasema. Nikimwambia aandike, haandiki. Nimezoea duka la kwetu, mangi au nani, lazima daftari. Siku moja nikamkazania: andika bwana, mimi nitasahau. Kasema, "Nikiandika, nikifa mwanangu atakudai." Akanipimia mbaazi.

Na wenzetu, Wazanzibari wa huku, mtauliza. Wapo, mashaallah. Kuna waliolala chini ili mgeni apate kitanda, na kuna waliokodisha kitanda hicho kwa bei ya hoteli. Idd tunakutana, tunakula pilau, tunasengenyana. Hilo la kwetu halihitaji maelezo.

Kuna kipindi kimoja niliogopa kweli. Julai 2024, tarehe 29, mji wa Southport, watoto wa kike watatu waliuawa kwa kisu kwenye darasa la kucheza ngoma. Ukazushwa uongo kwamba muuaji ni Mwislamu, mkimbizi aliyekuja kwa mashua. Usiku uliofuata kundi la watu likauvamia msikiti wa mji ule kwa matofali. Ghasia zikaenea miji mingine, na sisi tunaovaa mitandio tukawa tunahesabu vituo vya basi. Mlisikia hayo, mlinipigia simu. Ambalo pengine hamkusikia ni kwamba asubuhi yake watu wa Southport walitoka na mafagio na matoroli, wakafagia vioo, na mafundi wakaja na matofali mapya wakaujenga ukuta wa msikiti ulioangushwa, na hawakulipwa. Mji huo huo ulikuwa unawalilia watoto wake.

Hapa kwetu Leicester, siku hizo, mtoto wa bibi mmoja ninayemhudumia alinikuta nafunga mlango saa tatu usiku niende kituoni. Kasimamisha gari. Kasema ingia, nakushusha, nilikuwa napita tu. Kesho yake akapita tena. Na keshokutwa. Anakaa upande wa pili kabisa wa mji, na njia ya kwake haifiki mtaa ule hata ukipotea. Garini tulizungumza mvua na paka wake. Neno la ghasia halikutajwa. Mambo yalipotulia akaacha kupita.

Wakati mama alipofariki, mnakumbuka nyinyi mliokuwepo, kafa alfajiri na alasiri tumeshamzika. Ndivyo inavyotakiwa, na ndivyo inavyotukata sisi wa mbali. Nani atatoka Uingereza afike Nairobi au Dar, avuke Unguja, apate chombo cha Pemba, kabla ya alasiri? Anayekaa huku hamziki mtu. Weka hilo kwenye hesabu zako, mwanangu, kabla ya hesabu ya pauni.

Nilikuwa zamuni simu ilipokuja. Nikamaliza kumlisha mzee niliyekuwa naye, maana hakukuwa na mwengine, nikenda ofisini nikakaa kwenye kiti. Pale pana Mjamaika mmoja, mtu mzima, mkali, mimi na yeye mazungumzo yetu hayakuwahi kuzidi habari za zamu na nani kaacha vyombo vichafu. Aliniangalia, hakuniuliza. Akaenda kwenye ubao wa ratiba, akachukua kalamu, akapiga mstari jina langu wiki nzima akaandika lake. Pamoja na usiku wa Jumamosi na Jumapili, zamu ambazo yeye alikuwa hazigusi, anakwenda kanisani. Niliporudi kazini nilikuta kwenye kabati langu bakuli limefunikwa: wali wa maharage uliopikwa kwa nazi. Wajamaika wanaupika hivyo Jumapili, nilikuwa sijui. Nikaula pale pale nimesimama, karibu na mashine ya kufulia. Mwezi uliofuata nikamwambia nataka kumlipa zamu zake, achague siku. Kasema, "Zamu gani?" na akaendelea kuvaa glavu.

Lakini ninachotaka kukwambia khasa kilitokea Wete, siku ile ile, na sijui kama wewe unakijua, ulikuwa mdogo. Baba yako alinisimulia kwa simu usiku. Kaniuliza, nani kamuosha mama? Nikataja majina ya mashangazi, ya mama wadogo. Kasema si huyo, si huyo. Kamuosha yule mama tunayegombania naye mpaka wa shamba la eka. Ile mikarafuu miwili. Tulikuwa hatusalimiani naye tangu marehemu baba yuko hai, mashauri yamefika kwa sheha mara ngapi. Alisikia msiba, hakuitwa na mtu, akaja na ndoo yake na khanga zake mbili kuukuu za kufanyia kazi. Kaingia ndani moja kwa moja. Kamuosha mama yetu, kamtia karafuu maiti, kamvisha sanda, kamwagia maji ukumbi aliouloweza mwenyewe. Baba yako katoka nje kumwambia ahsante, hakumkuta. Hata chai hakunywa. Na kwa sheha mwezi uliofuata alikuja vile vile, kakaza, mikarafuu ile ni yake.

Daftari lipi hilo utaliandika? Nimelala na hilo jambo usiku mwingi. Nimesema wema wetu una daftari, na nasimama hapo hapo. Lakini wapo kwetu wasioandika, na tunawapita njiani hatuwaoni kwa sababu wamekaa kimya baina ya watu wanaopiga kelele. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikija hapo kwenu Wete, zaidi ya watu 600 waliokolewa, na wavuvi wa Nungwi walikuwa miongoni mwa walioingia baharini na vyombo vyao kuwaokota. Wangapi wetu tunajua hata jina la mmoja wao? Jina la meli tunalo.

Kwa hivyo ukiniuliza nani ananipa moyo, ni hao. Mpolandi, mama wa duka, Mjamaika, na mama wa mpakani ambaye ningekutana naye kesho tusingesalimiana. Wala simaanishi kwamba wananiliwaza tu. Nikiwa na mzee wa mwisho, saa nne ya usiku, miguu imevimba, nataka kutupa kikombe cha chai mezani nikimbilie basi, naliona pipa lile. Basi namgeuzia kikombe, mkono wa kikombe uangalie mkono wake mzima. Inachukua muda gani? Haichukui. Mzee hajui kama nimegeuza. Anashika tu, anakunywa. Mwanzo nilikuwa nikifanya kazi hii kwa ajili ya kuwatumia nyinyi, sasa nafanya kwa ajili ya hicho pia, na ndio maana sijarudi, kama mnataka sababu ya kweli.

Usije kwa sababu hiyo, lakini. Huwezi kupanda ndege kwa kutegemea kwamba utapata jirani wa kugeuza pipa. Wengine wamekaa huku na hawakumpata, na si kwa ubaya wao. Ukija utakuja na kazi mkononi na karatasi safi, au usije.

Na sasa hilo la mamilioni. Huyo mtu muongo. Tangu 22 Julai 2025 Uingereza imefunga njia ya kuwachukua wahudumu wapya wa wazee kutoka nje. Hata kabla ya hapo, tangu Machi 2024, mhudumu aliyekuja kwa viza hiyo alikuwa haruhusiwi kuja na mke wala watoto. Na hati ya udhamini ya mwajiri haiuzwi kwa mfanyakazi, si kwa shilingi wala kwa pauni. Nimewaona huku walioinunua: wakauza mashamba, wakafika, kazi hakuna, mwajiri hapokei simu, na kurudi wanaona haya. Kama ni kusoma, au ufundi wako wa umeme ukitaka kuuendeleza, hayo yana njia zake na yana muda wake, tutakaa tuyaangalie. Lakini kwa huyo bwana, nitumie picha ya hiyo karatasi aliyokupa na usimpe hata senti mpaka nimeisoma.

Ijumaa sina zamu, nipigie baada ya Isha ya huko. Na kabla hujanipigia, pita kwa yule mama wa mpakani umtazame kama kapata wachumaji msimu huu. Kazeeka, na nasikia wanawe wote wako Dar. Kama hana, chukua wenzako wawili mkamchumie, mumuanikie, msichukue kitu. Usimwambie nimekutuma mimi. Ila ile mikarafuu miwili muiache, kesi haijakwisha.